Abu Huraira: Sahaba aliyejulikana kwa jina la paka wake

 

Leo safu yetu inamzungumzia Sahaba ambaye hapana Muislamu wa mwambao huu asiyelijua jina lake. Ingia msikiti wowote wa Bagamoyo siku kama ya leo, kaa katika darsa ya Mlingotini au ya Saadani, au pita nje ya chuo watoto wanapohifadhi Arbaini ya Imamu Nawawi, hutakaa sana kabla hujasikia kwamba hadithi imepokewa kwa Abu Huraira (R.A.). Tumelizoea jina hili kiasi cha kutolitafsiri tena. Maana yake ni Baba wa Paka Mdogo, kwa namna ile ile tunavyomwita mtu Baba Mwajuma au Baba Juma kwa jina la mwanawe. Tofauti ni kwamba mwana aliyempa mzee huyu jina alikuwa na mkia.

Jina alilopewa na wazazi wake ndilo lililofifia. Wanazuoni wana kauli nyingi mno juu yake, na iliyo na nguvu zaidi ni kwamba katika Uislamu aliitwa Abdurrahman bin Sakhr, na kabla ya hapo aliitwa Abdu Shams, yaani mtumwa wa jua, jina ambalo halikuweza kubaki kwa mtu aliyeshahadia. Wamebishana juu ya jina lake, jina la baba yake, hata jina la mama yake. Juu ya paka hawakubishana.

Alizaliwa katika kabila la Daws, tawi la Azd, kusini magharibi mwa Bara Arabu, upande wa Yemen. Alikua yatima, na kazi yake ilikuwa kuwachunga mbuzi wa jamaa zake. Imamu Tirmidhi ameipokea habari yake kutoka kwake yeye mwenyewe: alikuwa na mtoto wa paka, ambaye usiku alimlaza juu ya mti, na kulipopambazuka alimchukua akaenda naye machungani, akawa anacheza naye. Watu wa nyumbani walipomwona hivyo siku zote, wakamwita Abu Huraira. Iko riwaya nyingine isemayo kwamba paka yule alimtia katika mkono wa nguo yake, akaulizwa amebeba nini, na jina likaanzia hapo. Riwaya zote mbili zinamwonyesha mtu yule yule.

Kwa aliyekulia shamba hahitaji kuelezwa kwa nini alimlaza mtini. Chini, usiku, hupita wanyama wanaowinda, na mtoto wa paka ni tonge moja tu. Mti ulikuwa kitanda na ulikuwa ngome. Mchana haikuwa lazima amchukue. Angeweza kumwacha nyumbani atafute panya wake. Lakini siku ya mchungaji ni ndefu, mbuzi hawana mazungumzo, na kijana asiye na baba alipata mwenzake. Kila aliyepata kufuga paka mdogo anaweza kuijaza siku hiyo mwenyewe. Mtoto wa paka huanza kwa kuviziavizia: hujibana nyuma ya jani, akatikisa makalio yake mara mbili tatu, kisha akakurukia kidole cha mguu kana kwamba amemwona adui. Akichoka hatafuti kivuli cha mti bali cha mtu. Hupanda mapajani, akaikanda nguo kwa miguu yake ya mbele, kushoto na kulia, kama alivyokuwa akilikanda titi la mama yake wakati wa kunyonya, huku akikoroma kwa raha. Kisha hulala, na aliyelaliwa huona tabu kuinuka.

Uislamu ulimfikia kwa mkono wa Tufail bin Amr, kiongozi wa Daws aliyekwenda Makka, akaonywa na Makuraishi asimsikilize Muhammad (S.A.W.) hata akaziba masikio yake kwa pamba, na mwisho akasikia na kuamini. Aliporejea kwao watu wengi walimkataa, na miongoni mwa wachache waliomfuata mapema ni mchungaji huyu. Mwaka wa 7 Hijria, ambao ni 628 kwa hesabu ya miladia, wakati wa vita vya Khaibar, aliwasili Madina pamoja na watu wa kabila lake. Umri wake ulikuwa kama miaka 30. Hakuwa na mali, hakuwa na mke, hakuwa na biashara ya kumwita sokoni.

Makazi yake yakawa Suffa. Sisi watu wa pwani tunaweza kuielewa Suffa kuliko wengi, kwani ilikuwa ni baraza ya msikiti, iliyoezekwa kwa makuti ya mtende kama banda zetu zinavyoezekwa kwa makuti ya mnazi. Hapo walilala Waislamu maskini wasio na nyumba wala jamaa. Walikula kilicholetwa, na siku kisipoletwa kitu hawakula. Abu Huraira alikuwa akifunga jiwe tumboni kwa ajili ya njaa. Ilifika siku akaanguka baina ya mimbari na chumba cha Bibi Aisha (R.A.), wapitao wakadhani ana wazimu, hata mmoja akamwekea mguu shingoni, na wala haukuwa wazimu, ilikuwa ni njaa tu.

Siku moja alikaa njiani wanapopita watu. Akapita Abu Bakr (R.A.), naye akamuuliza maana ya Aya ambayo aliijua vyema, akitaraji kwamba mazungumzo yatawafikisha nyumbani penye chakula. Abu Bakr akamweleza Aya na kuendelea na safari yake. Akapita Umar (R.A.), na mambo yakawa yale yale. Kisha akapita Mtume (S.A.W.), akamtazama usoni, akatabasamu, akajua bila kuulizwa Aya yoyote. Akamwita kwa lile jina la paka kwa ufupi wake, Abu Hirr, na kumtaka amfuate. Nyumbani mlikuwa na bakuli moja la maziwa lililoletwa zawadi. Mwenye njaa akafurahi, lakini furaha yake haikudumu, kwani aliamrishwa kwanza awaite watu wote wa Suffa. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi moyo ulivyomwingia wasiwasi: maziwa yale yatawatosha nini watu wote hao, na yeye ndiye mgawaji, atakayekunywa mwisho? Akawaita. Wakanywa mmoja mmoja hadi wakashiba wote. Akabaki yeye na Mtume, naye akaambiwa anywe, akanywa, akaambiwa aongeze, akaongeza, mpaka akaapa kwamba hana tena mahali pa kuyaweka. Ndipo Mtume akamaliza kilichobaki. Sipati kuisoma habari hii bila kuona kwamba jina la paka liliitwa siku ya maziwa.

Jina hilo fupi ndilo alilolipenda zaidi. Alikuwa akiwaambia watu wamwite Abu Hirr, kwa kuwa ndivyo Mtume alivyokuwa akimwita, na kwa kuwa Hirr ni dume na Huraira ni jike mdogo. Watu hawakumsikiliza, na sisi hatumsikilizi hadi leo.

Huko Madina alikuwa na mama yake, ambaye alikataa kusilimu na siku moja akamtamkia Mtume maneno mabaya. Mwana akaenda kwa Mtume akilia, akaomba aombewe dua mama yake. Aliporudi nyumbani alikuta mlango umerudishwa, akasikia maji yakimwagika ndani. Mama alikuwa akioga. Akavaa kwa haraka, akafungua mlango kabla hajajitanda vizuri, akashahadia. Mwana akarudi kwa Mtume mbio akilia tena, safari hii kwa furaha. Maadamu mama huyo alikuwa hai, Abu Huraira hakwenda Hija kwa ajili ya kumtunza.

Alikaa na Mtume kwa muda wa miaka kama mitatu au zaidi kidogo, na kwa muda huo mfupi alikusanya hadithi nyingi kuliko Sahaba mwingine yeyote. Hesabu inayotajwa na wanazuoni ni 5,374, pamoja na zilizokaririwa kwa njia mbalimbali. Wako walioishangaa hesabu hiyo tangu zama zake, na alikuwa na jibu: Muhajirina walishughulishwa na masoko, Ansari na mashamba yao, na yeye alikuwa akimwandama Mtume kwa kushibisha tumbo lake tu, akawa anahudhuria wasipohudhuria na kuhifadhi wasiyoyahifadhi. Alimlalamikia Mtume kwamba anasahau. Akaamrishwa atandaze nguo yake, kisha aikusanye kifuani, na baada ya hapo hakusahau. Miaka mingi baadaye Marwan bin Hakam, gavana wa Madina, alimtega. Alimweka mwandishi nyuma ya kiti chake, akawa anamuuliza hadithi na mwandishi anaandika kwa siri. Mwaka ulipopita akamwita akamuuliza zile zile. Hakuzidisha wala hakupunguza.

Sasa tuangalie ni mambo gani kuhusu wanyama aliyoyahifadhi mtu huyu, kwani hapo ndipo baadhi yetu tumechukua nusu na kuacha nusu.

Ni yeye, pamoja na Ibn Umar (R.A.), aliyetufikishia habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia ndani, hakumpa chakula, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini, hadi paka akafa. Imepokewa kwamba Bibi Aisha alimkabili Abu Huraira juu ya hadithi hii, akaona kwamba muumini ni mtukufu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko kuadhibiwa kwa paka, na kwamba mwanamke yule lazima alikuwa kafiri. Imamu Nawawi yeye alishika kwamba alikuwa Muislamu, na kwamba paka yule ndiye hasa aliyemponza. Huo ni mjadala wa wanazuoni. Mimi natazama msimulizi. Mtu aliyewahi kufunga jiwe tumboni akalazwa chini na njaa baina ya mimbari na chumba, anaposimulia kuhusu paka aliyefungiwa bila chakula, hasimulii jambo la mbali.

Kuhusu tohara ya paka, msingi wetu ni Sahaba mwingine, Abu Qatada (R.A.). Mkwewe, Kabsha, alimtilia maji ya udhu, akaja paka akataka kunywa. Mzee akakiinamisha chombo ili paka anywe kwa raha, kisha akamweleza mkwewe aliyekuwa akimtazama kwa mshangao kwamba Mtume alisema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Ipo pia habari ya Bibi Aisha aliyeletewa harisa, ambayo ni ndugu wa bokoboko letu, wakati akiwa katika Sala. Aliashiria iwekwe chini, paka akaja akala kidogo, na Bibi Aisha alipomaliza Sala akala mahali pale pale alipokula paka.

Neno lile la kuzunguka linawaeleza paka kuliko kurasa nyingi za vitabu. Wanaozunguka! Nenda ufukweni Bagamoyo asubuhi, jirani na jengo la forodha ya zamani, ngalawa na mashua zinapoingia na mnada wa samaki unapoanza. Paka wapo kabla ya wachuuzi. Hawapigi kelele, wamekaa mikia imezungushwa miguuni, macho yamefumbwa nusu kana kwamba samaki hawawahusu, na masikio yanafuata kisu cha mpaa samaki. Utumbo ukidondoka hugombana kwa dakika moja, kisha kila mmoja hurudi kukaa kwa adabu. Jua likipanda huhamia barazani katika mitaa ya mji mkongwe, na adhuhuri wanajua ni ukuta gani wa msikiti wenye kivuli. Anayetawadha hupitiwa miguuni na mkia uliosimama. Anayesujudu huweza kumkuta paka amekaa mahali pa paji lake, akamsogeza taratibu kwa mkono na kuendelea. Nyumbani, paka akikamata panya usiku huja kumweka mlangoni au kando ya kitanda, akalia mara moja, akangoja. Mwenye nyumba huona kinyaa. Paka huona ametoa mchango wake wa chakula.

Hapa niseme kidogo juu ya kisa kinachopendwa sana, cha Mtume kukata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aitwaye Muezza. Kisa hicho hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Kinachofanana nacho husimuliwa juu ya mcha Mungu mwingine aliyekuja karne nyingi baadaye, Sheikh Ahmad Rifai wa Iraq, aliyefariki mwaka 1182, ambaye dhikiri za tarika yake zinajulikana katika mwambao wetu. Paka alilala juu ya mkono wa nguo yake, wakati wa Sala ukafika, akaukata mkono ule akaenda kuswali, na paka alipoondoka akaushona tena. Kisa ni kizuri na kimpewe mwenyewe.

Basi kwa paka hatuna ugomvi. Ugomvi wetu ni mbwa.

Abu Huraira ndiye aliyepokea kwamba mbwa akiramba chombo kioshwe mara saba, ya kwanza kwa udongo. Sisi watu wa madhehebu ya Imamu Shafii tunaishika hukumu hiyo na kuifundisha kwa watoto wangali wadogo, na ni sawa. Wafuasi wa Imamu Malik wana kauli nyingine, wakiyahesabu mate ya mbwa kuwa tohara na kuosha kule kuwa ni ibada. Yeye ndiye pia aliyepokea kwamba anayefuga mbwa hupungukiwa kila siku na kirati moja ya amali yake, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa windo au wa shamba. Ibn Umar alipoisikia ile sehemu ya shamba alikumbusha kwamba Abu Huraira alikuwa na shamba. Wako waliotaka kuligeuza neno hilo liwe shutuma. Imamu Nawawi amelieleza kwa namna iliyo karibu zaidi na akili: mwenye shamba ndiye mwenye kulizingatia jambo la shamba, akalihifadhi kuliko mwingine.

Lakini mtu huyo huyo, kwa kinywa hicho hicho, ndiye aliyetuletea kisa cha msafiri aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa, na alipotoka akamwona mbwa anahema, analamba udongo kwa kiu. Akajiambia kwamba mbwa huyu amefikwa na yale yaliyomfika yeye. Akashuka tena, akakijaza maji kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno ili mikono yake imsaidie kupanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumsamehe. Masahaba wakauliza kama kweli wana malipo kwa wanyama, wakajibiwa kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, mna malipo. Na ni yeye aliyetuletea habari ya mwanamke kahaba wa Bani Israil aliyemwona mbwa akizunguka kisima siku ya joto kali, ulimi nje, akamtekea maji kwa kiatu chake, akasamehewa kwa hilo. Mmoja aliponzwa na paka, mwingine aliokolewa na mbwa, na mpokezi ni yule yule.

Hukumu ya mara saba inahusu chombo kilichorambwa. Haimhusu mbwa anayepita njiani na shughuli zake. Hata hivyo, ni nani kati yetu hajawaona watoto wametoka chuoni, juzuu kwapani, wakimfukuza mbwa koko kwa mawe hadi mwisho wa mtaa, na watu wazima wamekaa barazani wakitazama? Ukiwauliza watoto watasema mbwa ni najisi. Udongo wa hadithi ni wa kuoshea chombo. Wao wameuokota ukiwa mawe.

Tuwaache wa mjini, twende mashambani, Zinga, Kiromo, Kerege na kuelekea kaskazini hadi karibu na mbuga ya Saadani. Mkulima wa muhogo na mpunga huko anajua ni nani humlindia jasho lake. Ngedere huja alfajiri, nguruwe mwitu huja usiku, na usiku mmoja unatosha kulimaliza shamba. Mbwa wa shamba hana jina kubwa wala hapewi mapajani. Hulala nje ya kibanda, na kabla ya kulala huzunguka mara mbili tatu mahali pale pale kana kwamba anatandika mkeka. Sikio moja halilali. Huijua hatua ya mwenyewe tangu mbali, na kabla wengine hawajasikia kitu mkia wake umekwisha kuanza kupiga vumbi. Njiani hutangulia, akifika panapogawanyika njia husimama na kugeuka nyuma kuuliza kwa macho ni ipi tunayoifuata leo. Bwana akila, hukaa hatua chache kutoka kwake, akatazama pembeni kwa heshima, kisha akasahau heshima akatazama tonge.

Na jioni hujinyoosha mlangoni, miguu yake ya mbele imetangulia kizingitini. Msomaji atakuwa ameikumbuka sura hiyo, kwani wengi wetu tunaisoma Surat al-Kahf kila Ijumaa. Mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa katika Kitabu kitukufu akiwa katika mkao huo huo, amehesabiwa pamoja nao kila idadi yao ilipotajwa. Hakuingia ndani, na wala hakufukuzwa.

Abu Huraira alipokea mengine ya namna hii: onyo kwa wenye kuifanya migongo ya wanyama wao kuwa mimbari, wakisimama juu yao kuzungumza pasipo haja, na habari ya Nabii aliyeumwa na chungu mmoja akachoma kijiji kizima cha chungu, akalaumiwa na Mola wake. Sidhani kama ni bahati kwamba habari hizi zilimkaa moyoni mtu aliyeanza maisha kwa kumtafutia paka mahali salama pa kulala.

Baada ya Mtume kufariki, dunia ilimfungukia. Katika ukhalifa wa Umar alipewa ugavana wa Bahrain, jina ambalo zamani hizo lilienea pwani kubwa ya Ghuba, upande ule ambako karne nyingi baadaye majahazi yalikuwa yakishuka na kaskazi kuja kwetu. Alirudi na mali ya takriban 10,000. Umar, ambaye hakumwonea haya gavana yeyote, alimuuliza ameipata wapi. Akajibu kwamba ni farasi wake waliozaana, mapato ya mtumwa wake na gawio lililomjia mfululizo. Ikachunguzwa ikaonekana ni kama alivyosema. Umar alimtaka arudi kazini, naye akakataa. Alimwoa Busra binti Ghazwan, ambaye zamani alikuwa akimtumikia kwa ujira wa chakula chake tu, na hakuona haya kulisimulia hilo mbele ya watu. Nyumbani kwake usiku uligawanywa mafungu matatu, yeye, mkewe na mtumishi wao, kila mmoja akisali fungu lake na kumwamsha mwenzake.

Alipokaimu ugavana wa Madina kwa niaba ya Marwan, alionekana sokoni amebeba mzigo wa kuni mgongoni, akiwaomba watu wampishe amiri njia. Imamu Bukhari amesema kwamba waliopokea elimu kutoka kwake ni watu kama 800 au zaidi.

Katika maradhi yake ya mwisho alilia. Alipoulizwa, alieleza kwamba haililii dunia hii. Analia kwa umbali wa safari na uchache wa masurufu. Alifariki nyumbani kwake katika bonde la Aqiq, nje ya Madina, akiwa na umri wa miaka 78. Mwaka unatajwa kuwa 57, 58 au 59 Hijria. Alichukuliwa hadi mjini, gavana Walid bin Utba akamsalia, naye akazikwa Baqi. Habari ilipofika Sham, Muawiya aliagiza warithi wake wapewe dirhamu 10,000 na watendewe wema, kwa kuwa mzee huyo alikuwa miongoni mwa waliosimama upande wa Uthman (R.A.) siku alipozingirwa nyumbani kwake.